Ndoyi wa Mama Yangu

Harufu ya iliki ikikutana na mafuta ya mawese yaliyochemka, mimi husimama. Sichagui kusimama, miguu ndiyo inayoamua. Juzi ilinikuta kwenye kona ya avenyu yetu hapa Kabondo, mjini Kisangani, nikitoka kupeleka dosye ya kuomba kazi katika ofisi ambayo siitaji, kwa sababu bado nina matumaini nayo na naogopa kuyaharibu kwa kuyasema. Mwanamke nisiyemfahamu alikuwa akikaanga mandazi juu ya makaa, na waendesha toleka, zile baiskeli za abiria zenye mto nyuma, walikuwa wamezunguka karai lake wakisubiri.

Harufu ile naijua ilikotoka. Ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililobebwa na mama yangu, na kabla yetu hakuna mtu wa kona hii aliyetia iliki kwenye mkate wa kukaanga. Sasa karibu kila mtu anatia. Ningepaswa kuona fahari. Lakini ninachohisi kwanza, kabla sijapata nafasi ya kujirekebisha, ni wivu, tena wivu wa mtoto wa miaka tisa, mzimamzima, kama uliowekwa kwenye jokofu. Nimekuwa nikijiuliza tangu juzi kama mtu mwenye diploma yuko sawa akiwa na wivu wa namna hiyo. Basi nimeona niwaeleze ninyi, muamue.

Kule Ujiji mama yangu hakuwa na jina. Alikuwa nalo, Mwajuma, ila lilikaa kwenye kadi ya kliniki na vinywani mwa dada zake tu. Watu wengine wote walimwita Mama Hadija. Hadija ni mimi. Nilikuwa mtoto pekee, na nilisadiki kwamba jina langu ndilo lililomfanya mama yangu aonekane na watu. Mtu akiita sokoni, "Mama Hadija, pita huku," niligeuka mimi kwanza, kisha yeye. Tulikuwa tumeitwa wote wawili. Na kila Idi alishona kitenge kimoja, gauni lake na gauni langu, tukatoka kama picha kubwa na picha ndogo ya mtu yule yule.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Madereva wa malori walimwambia kuna mji ng'ambo, Kisangani, ambako watu hupanda baiskeli kama wengine wanavyopanda teksi. "Mji mzima unakwenda kwa pedeli," alimwambia mama, akiwa tayari ameamua. Aliuza kitanda. Mama alifunga kopo lake la iliki, kawa mbili za ukindu, na sanduku la bati ambamo kulikuwa na kitenge kipya, cha rangi ya zambarau chenye maua makubwa ya manjano, kilichonunuliwa kwa ajili ya Idi yetu ya kwanza ugenini. Alinionyesha upindo wake. "Chako na changu," alisema. Njia nzima, melini na juu ya malori, kwenye matope ambayo malori yenyewe yaliyaogopa, nililala kichwa kikiwa juu ya sanduku lile.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho Kisangani ni mngurumo. Haukatiki wala haupungui, usiku na mchana. Nilijua ni mvua kubwa iliyo njiani, na kwa siku kadhaa nilikataa kwenda hata msalani bila mfuko wa plastiki kichwani. Hakuna aliyeniambia ni maji ya mto yanayoporomoka kule Wagenia. Watoto wa parseli, yaani ua tuliokuja kukaa, walifurahia mfuko wangu kuliko ukweli.

Parseli ilikuwa ya Koko, bibi kizee Mwislamu ambaye babu zake walifika huku na misafara ya biashara, zamani sana, na ambaye aliizungumzia Ujiji kama mtu anavyozungumzia ndugu asiyepata kumwona. Baba alipotaja tulikotoka, alitupa chumba palepale. "Na majina?" aliuliza. Baba akasema: mimi Shabani, mke wangu Mwajuma, mtoto Hadija.

Koko akaingia ndani, akatoka akimsukuma mbele yake mjukuu wake, kasichana kadogo kuliko mimi, kenye pengo mbele na magoti ya vumbi. Wazazi wake walikuwa Isangi wakifanya biashara ya samaki mtoni, yeye akikaa na bibi yake.

"Huyu anaitwa Mwajuma," alisema Koko.

Akasubiri. Kasichana nako kakasubiri, mikono imekunjwa tumboni kama mgeni rasmi.

Mama alicheka kwa furaha. "Jina zuri hilo," alisema, "hata shangazi yangu anaitwa hivyo." Akakapapasa kichwa, akageuka kufungua mizigo. Nilikuwa nimesimama kando ya Koko na niliona uso wake ukifungwa, taratibu, kama mtu anavyofunga duka kabla ya saa yake.

Baba alitandika zana zake chini ya paa la majani karibu na barabara. Mama alikwenda kwenye kona na karai lake. Hapo walikuwa wanawake wa mikate, ile miduara ya ngano inayoliwa hapa kwa karanga iliyosagwa, na mkubwa wao alikuwa Maman Béa, mwanamke mpana mwenye sauti iliyofika kabla yake. Mandazi ya mama yalikuwa na pembe tatu na iliki. Watu waliyatazama, wakayanusa.

"Iko na harufu ya dawa," alisema mwendesha toleka mmoja, akarudisha.

"Mutu ya wapi huyu?" Maman Béa aliwauliza wenzake, mama akiwa palepale. "Nani anamujua? Asubuhi tunaamuka, tunakuta yeye. Kesho ataleta na dada zake."

Kila nafasi kwenye kona ile ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa mtu wa mtu fulani wa avenyu: binti wa huyu, shemeji wa yule. Maman Béa alikwenda kulalamika kwa mkuu wa avenyu, naye akasema jambo litaamuliwa baada ya Idi: mama abaki au aondoke. Baba alisema kwamba kona ikitushinda, tutarudi kwetu, maana baiskeli za mji ule zilikuwa nyingi kweli, lakini mafundi hawakuwa wachache hata kidogo. Mimi nilisikiliza hayo nikiwa nimelalia sanduku. Kurudi Ujiji hakukunitisha. Kule mama alikuwa Mama Hadija. Hapa walimwita "ule mutu ya mandazi."

Aliyetufumbua macho ni Tonton Faustin, mfanyabiashara kutoka Butembo ambaye mama alinunua unga kwake. Alikuwa mtu wa kusema polepole, msalaba mdogo ukining'inia shingoni, na kila alichosema alikisema kana kwamba anakipima kwanza.

"Maman," alimwambia, "naskia mu parseli ya Koko uko na ndoyi."

"Nina nini?"

"Ndoyi. Mwenye jina sawa na yako. Ule mutoto Mwajuma."

"Ah, yule. Ndiyo."

"Na ulimupatia nini?"

Mama alimtazama. "Nimpe kwa nini?"

Tonton Faustin aliweka kibaba chini. "Alors," alisema, kwa huzuni ya kweli. "Maman, mutoto anakutana na ndoyi yake, mutu mukubwa, anatoka mikono mitupu? Hata bonbon ya kulamba? Hapa ndoyi yako ni wewe mwenyewe. Ukimuacha hivi, ni kusema unakataa jina yako. Koko anafikiri una majivuno. Na avenyu yote inafikiri vile Koko anafikiri."

Sijawahi kumwona mama akiona haya kama njia ile ya kurudi nyumbani. Alitembea haraka, kitambaa kikiteleza kichwani. Kesho yake alioga, akavaa vizuri, akapanga mandazi kwenye sinia, akaweka kipande cha sabuni ya kunukia, akafunika kwa kawa. Alipiga magoti mbele ya kale kasichana uani, watu wote wakiona, akakapa kwa mikono miwili.

"Ndoyi yangu," alisema, akijaribu neno, "nisamehe, kwetu hatujui hivi."

Mwajuma mdogo alifunua kawa, akachukua andazi la juu, akaling'ata kwa upande usio na pengo. Parseli nzima ilingoja.

"Iko bien," alisema.

Koko akapiga makofi mara moja. "Bon," akamwambia mama. "Sasa umefika."

Tulikuwa tumekaa pale siku nyingi, lakini kwa Koko tulifika siku ile. Na siku ile ile ndipo masaibu yangu yalipoanza, kwa sababu yule mtoto alikuwa na akili ya kufuata hesabu hadi mwisho. Alimaliza andazi, akajipangusa, akaniangalia kuanzia miguuni.

"Koko," alisema, "kama miye iko yeye, donc Hadija iko mutoto yangu?"

"Ndiyo," alisema Koko. "Umuchunge muzuri."

Wote walicheka, na mama alicheka kuliko wote. Nilisubiri aseme ni mzaha. Bado nasubiri.

Mniamini, hakuna mtoto aliyewahi kulelewa kwa bidii kama nilivyolelewa na yule wa miaka sita. "Mutoto yangu, umenawa?" "Mutoto yangu, usikimbie na jua." Aligundua kwamba kwetu watoto huwaamkia wakubwa shikamoo, neno ambalo watoto wa hapa hawalitumii, akalipenda mno. Alisimama mlangoni kwetu kila asubuhi, tumbo mbele, akisubiri shikamoo yake. Nilipokataa alikwenda kumwambia mama, na mama, huku akikanda unga, alisema bila kuinua kichwa, "Hadija, muamkie mama yako." Nikamwamkia. "Marahaba," alijibu, "kua muzuri."

Andazi la kwanza la kila siku lilikuwa lake. Zamani lilikuwa langu, lile lenye makosa, ambalo mama hulitumbukiza kupima moto wa mafuta. Kigoda cha kando ya karai kilikuwa chake. Lakini yote hayo ningeyavumilia. Nisichovumilia ni jina. Koko alianza kumwita mama "Ndoyi", kwa sababu ya mjukuu wake, na majirani wakafuata, na waendesha toleka wakafuata. "Ndoyi, nipatie mawili." "Ndoyi, leo iko moto?" Walishaanza kununua, maana Koko alikula mandazi yale mlangoni kwake, mchana kweupe, na akasema iliki inafungua kifua. Nilipita kwenye kona na kusikia mama yangu akiitwa kwa jina ambalo mimi simo. Mtu mzima ambaye hakutujua Ujiji asingeweza kukisia kwamba kuna Hadija popote. Nilizoea kukaa kwenye jina lake kama mtu anavyokaa barazani kwake, sasa kulikuwa na mwingine amekaa, ananing'iniza miguu.

Mimi tangu utotoni ni mtu wa kufikiri kitu hadi kiishe ladha, kisha nikaendelea kukifikiri. Nilijiuliza: kama yule ni mama, na mama ni yule, je, siku mama akiugua watanikabidhi kwake? Je, mama anaweza kumpenda mtu mwenye jina lake kuliko mtu mwenye pua yake? Nilikaa mbele ya kioo kidogo cha baba nikiichunguza pua yangu. Ilikuwa ya mama kabisa. Ilinifariji kidogo. Bado nilikuwa na sanduku la bati, na ndani yake kitenge cha zambarau. Nilihesabu kwamba siku ya Idi avenyu nzima itatuona, mimi na yeye, maua ya manjano kwa maua ya manjano, na hapo mambo yatarudi mahali pake.

Wiki ya mwisho ya mfungo nilirudi kutoka kisimani nikamkuta mama amepiga magoti uani, kamba ya kupimia mikononi. Alikuwa akimpima Mwajuma mdogo mabega. Kitenge kilikuwa mkekani, kimeshakatwa.

Sikulia. Niliweka ndoo chini na kuuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida, "Na changu?"

Mama alitoa pini mdomoni. "Hakitoshi watu watatu, Hadija. Wewe utavaa lile la mwaka jana, nitalishusha upindo."

"Ulisema chako na changu."

Mwajuma mdogo alisimama mikono imetanuliwa, hathubutu kujigusa kwa sababu ya pini. Mama alikuwa amechoka, macho yamewiva kwa moshi.

"Wewe ni wangu hata ukivaa gunia," alisema. "Huyu bado."

Nataka mjue kwamba nilisikia kila neno. Ila katika maneno yote yale nilibeba moja tu, gunia, na nilitembea nalo miaka.

Siku ya Idi walitoka. Mama mbele, mkono wake umeshika mkono wa Mwajuma mdogo, zambarau na manjano, mkubwa na mdogo, mafuta yaking'aa kwenye mikono yao. Koko nyuma yao na bakora yake. Baba na mimi mwishoni, mimi nimebeba sinia, gauni langu likiwa na mstari mweusi zaidi pale upindo wa zamani ulipokuwa. Hatukupita njia ya karibu. Koko alituzungusha avenyu nzima, na kwenye kila mlango alisimama akasema, "Muone ndoyi ya mutoto yangu." Watu walitoka, wakashika kitambaa, wakalinganisha maua. Mkuu wa avenyu naye alitoka, kanzu yake imepigwa pasi, akatazama mkubwa, akatazama mdogo, akasema tu, "Ah, kumbe iko mutu ya Koko." Akapokea andazi.

Mwisho tulifika kwenye kona. Maman Béa hakuwa Mwislamu na kwake ilikuwa siku ya kazi. Aliacha kijiko chake ndani ya mafuta.

"Eh, Koko. Umezaa tena, na uzee huu?"

"Mungu anatoa," alisema Koko.

Maman Béa alicheka hadi beseni likatikisika mapajani. Kisha akalivuta beseni lile upande, na makaa yake, na mfuko wa sukari, akapiga ardhi iliyobaki wazi kwa kiganja. "Ndoyi, kuya ukae. Lakini hii dawa yako usiweke karibu na mikate yangu."

Mama alikaa. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo kutoka melini. Mimi nilibaki nimesimama na sinia. Hapo Mwajuma mdogo, aliyekuwa amepewa kigoda, aliinuka, akakunja gauni lake jipya lisiguse vumbi, akaniambia kwa sauti ya kazini:

"Mutoto yangu, kaa. Umechoka."

Nilikaa, kwa sababu kweli nilikuwa nimechoka. Na nilimchukia zaidi, kwa sababu alikuwa mwema.

Hatukurudi Ujiji. Baba alipata wateja, mama alizeeka kwenye kona ile hadi magoti yakamkatalia, nami nikasoma hadi chuo kikuu, kwa mandazi. Nilikuwa tayari mwanafunzi, katika somo la desturi za undugu, mwalimu akieleza ubaoni namna mgeni anavyotafutiwa mahali pa kusimama, ndipo lile neno la pili la mama liliponifikia. Huyu bado. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na kalamu yangu ilisimama. Mimi sikuhitaji kushonewa kitenge ili niwe wake. Mama ndiye aliyehitaji kuwa wa mtu, katika mji ambao hakuna hata mmoja aliyejua amezaliwa na nani, na kitambaa alichokuwa nacho kilikuwa kile kimoja. Alikitumia pale palipokuwa hapajashikana, kati yake na avenyu. Nilielewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na Idi ile ni kitu kingine.

Mwajuma mdogo aliolewa mapema na fundi simu. Mwaka juzi walifunga mizigo, wakahamia Kampala na watoto, na sasa ana kibanda cha mandazi kilichopakwa rangi ya buluu katika mtaa wenye Wakongomani wengi. Hunipigia simu ya video, mafuta yakichemka nyuma yake, na mimi hukaa kitandani chini ya diploma yangu iliyotiwa kioo, nikitazama kibanda chake. Ndiyo, nina wivu na hicho pia. Binti yake wa kwanza, aliyezaliwa huko, alimwita Hadija. Aliponitangazia habari hiyo alisema, kwa utulivu ule ule wa miaka sita, "Nimekuzaa, mutoto yangu. Sasa ndoyi yako anauliza utamupatia nini."

Nililifikiri swali hilo kupita kiasi, kama kawaida yangu. Mama, ambaye alikuwa amenyoosha miguu mkekani akisikiliza, alivuta sanduku la bati, akatoa gauni lake la zambarau, rangi imefifia kwenye mabega na maua bado ya manjano, akaniwekea mapajani pamoja na mkasi.

"Kata," alisema. "Chako na chake."

Nilishona usiku na mchana, vibaya. Kwa yule mdogo gauni, kwangu kitambaa cha kichwa, maana ndicho kilichobaki. Dereva wa lori alilipeleka. Wiki iliyopita simu ikaita: mtoto alikuwa amevalishwa, anang'ang'ana kuvua, nami nimefunga kichwa changu, nikijiona mjinga na nikiwa sitaki kufungua. Nyuma yao mteja alifika kwenye kibanda. Sikumwona, nilisikia sauti tu, ya mtu wa kwetu mwenye haraka.

"Mama Hadija," aliita, "nipatie mawili ya moto."

Niligeuka mimi kwanza, hapa Kabondo, chumbani. Kisha yeye akageuka, kule Kampala, akaenda kumhudumia.